Kochi la Mama

Harufu ya gunia lililolowa likakaukia juani bado naijua. Juzi nilipita kwa fundi wa makochi pale Garsen, nikainusa, nikasimama kama mtu aliyeitwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Mafuriko yalikuwa yamepita kijijini kwetu Kulesa, yakazoa migomba yetu yote, na ndani ya nyumba yakatuachia kochi la mtu mmoja lililojaa tope, springi zimechomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Jirani alimshauri baba alipasue kuni. Baba, mkulima asiyewahi kufanya ufundi wowote, alilitoa uani akaanza kung'oa misumari kwa koleo.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, na akilala alikosa pumzi, hivyo alikesha mkekani ameegemea ukuta wa udongo.

"Baba Hawaye," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "shamba halijalimwa, nawe wacheza na kiti?"

"Mgonjwa haulizwi uji," baba akajibu. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Baba alifunga springi kwa kamba za katani, akatandika gunia, akashindilia sufi tuliyoichambua mimi naye. Kitambaa kilikuwa pazia letu, na alipolipigilia, maua yakatokea kichwa chini. Mama akasema yamependeza. Mimi niliwatangazia watoto wenzangu kwamba kochi likiisha, mama atapona. Mama Amina, jirani yetu Muorma aliyekuwa akituletea maziwa, alinisikia. Akanishika kichwa.

Siku ya tano baba alimbeba mama akamkalisha. Mama akaegemea, akafumba macho, akapitiwa na usingizi mzito. Nilirukaruka kwa furaha. Baba alikuwa ameinama, anaokota misumari iliyopinda na kuinyoosha mmoja mmoja, wala hakunitazama.

Mama aliishi kwenye kochi lile wiki tatu. Akafia humo, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Miaka mingi nilimlaumu baba moyoni, nikidhani kuna mahali hakukaza vizuri. Nilikuwa nimeshaolewa aliponiambia kwamba daktari alikuwa amemweleza mapema, kabla hajagusa msumari wa kwanza, kuwa hakuna dawa iliyobaki.

"Daktari alisema mama yako hatalala tena kitandani," baba alisema. "Nikaona basi, asife ameegemea udongo."

Mama naye alijua. Nyumba nzima, mwenye tumaini nilikuwa mimi tu, nao wakaniachia nibaki nalo.