Funda la Baba

Niliondoka Ulemo kwenda Ureno bila kupuliziwa, na jambo hilo lilinisumbua safari nzima.

Kwetu mtoto anayekwenda mbali husimama mbele ya baba yake. Baba hujaza kinywa pombe ya mtama, akampulizia kifuani. Hiyo ndiyo ruhusa, na ndiyo baraka. Baba yangu ni mzee wa kanisa, lakini desturi hiyo hajaiacha. Mara hii alikataa. "Mtembezi hula miguu yake," aliniambia. "Wewe tangu ujue kutembea hujakaa. Safari hii sikuagi." Nami, kwa kiburi nilichorithi kwake, nikaenda zangu Kiomboi kupanda basi.

Ninafanya kazi Dodoma, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Nilikuwa nimechukua likizo nikaone Wareno wanavyoutengeneza wao. Nilikwenda mbiombio mno. Alentejo, kusini, nilikuta mvinyo unachachushwa kwenye mitungi ya udongo mirefu kunizidi, nikamkumbuka marehemu mama na mitungi yake ya pombe, nikashindwa kukaa hapo hata siku ya pili. Minho, kaskazini, nilipewa mvinyo mchanga, mchachu, wenye vipovu vyepesi. Niliupenda, lakini sikuumaliza. Kila nilipokaribishwa kiti niliangalia saa. Nilijiambia ni hamu ya kuona zaidi. Uongo mtupu, nilikuwa na hofu ya mtu ambaye hakuagwa.

Kisha nikafika Douro, ambako mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe, milima mizima. Mwenye shamba alikuwa mzee wa rika la baba. Alimimina, akanusa, akapiga funda, akausukasuka mvinyo mdomoni, akanigeukia mashavu yamejaa. Mimi sikufikiri. Nilifungua koti, nikamsogelea, nikatoa kifua. Alikuwa ameshaanza kutema, kama waonjaji wa mvinyo wafanyavyo, na ndoo ya kutemea ilikuwa nyuma yangu.

Mzee wa watu aliomba radhi hadi akawa mwekundu kuliko mvinyo wenyewe. Wageni wengine walicheka, nami nikacheka nao, kisha machozi yakanitoka. Nilikuwa nimesafiri kote huko kuomba baraka kwa mtu asiyejua hata jina langu. Akanipa chupa ya mvinyo wao mtamu, wa Porto, anipoze.

Chupa hiyo nikaipeleka moja kwa moja Ulemo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kesho unakwenda wapi?"

"Dodoma, baba. Kazini."

Nikamhadithia yote, pamoja na ndoo. Hakucheka. Nikammiminia kwenye kikombe cha bati, akaonja, akameza. "Tamu mno," akasema. "Hii ni dawa ya kifua." Kisha akapiga funda kubwa, akashika fremu ya mlango, akajivuta hadi akasimama. Nilikuwa sijui kwamba siku hizi kusimama kunamchukua muda wote huo. Akanipulizia kifuani.

"Baba, mimi si nimesharudi?"

"Najua. Hii ni ya safari zote zilizobaki. Miguu yangu haiwezi tena kunisimamisha kila unapoondoka." Akakaa taratibu, akapangusa mdomo. "Nikifa ukiwa mbali, usiseme hukuagwa."

Tiketi ya basi la kesho yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, kifuani, imelowa mvinyo. Sikuitumia.