Lango la Malisho ya Kusini

Mwaka wa ukame, Keith Tuckwell alimfungia dada yake Noreen bwawa la marehemu baba yao. Ng'ombe wa Noreen walifia kando ya seng'enge, pua zimeelekea maji. Waliobaki wakihema Noreen aliwapiga risasi mwenyewe, akarudi nyumbani, akanawa, akala nyama ya kondoo iliyopoa. Hakulia. Tangu hapo hakuna mtu wa upande ule wa mji wa Longreach aliyewasikia wakisalimiana.

Noreen alikuwa mwanamke wa nyasi. Alijua kwamba mvua ikilowesha udongo siku kadhaa mfululizo, mizizi huvaa soksi ya mchanga, na humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huamka, vikavuta naitrojeni hewani na kuilisha nyasi. Udongo ukikauka, hulala. Nyasi zikitafunwa mapema, mizizi hukosa sukari ya kuvilisha. Keith naye aliyajua hayo. Wote wawili walifundishwa na baba. Ndiyo maana Keith aliyafunga malisho yake ya kusini, akisubiri mvua.

Mvua ilinyesha Januari. Majani yalipoanza tu kuchomoza, Keith akiwa mnadani mjini, Noreen alikwenda na gari lake mchana kweupe, akafungua lango. Ng'ombe wa Keith wenye njaa wakamiminika ndani, wakatafuna hadi shinani, wakakanyaga tope likashindiliwa kama sakafu. Kisha mvua ikakata.

Kufika Machi, nyasi za Noreen zilikuwa za magotini. Za Keith zilikuwa fupi, za manjano. Noreen aling'oa shina moja la huko kwa kaka yake, akakuta mizizi mitupu, haina soksi ya mchanga.

Keith akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Noreen, lile lango nililifunga kwa mkono wangu."

"Najua. Nililifungua mimi."

"Wewe?"

"Ulidhani nani, upepo?"

"Nimeuza kundi zima, dada. Hata ndama."

"Una bahati. Wangu hawakupata mnunuzi."

"Baba angekuona leo..."

"Baba alituchimbia bwawa sote wawili. Mwache alale."

Aprili Keith alihamia kwa mwanawe Brisbane. Majirani walitarajia Noreen angalau ataenda kumuaga. Alikwenda kweli. Alisimama kando ya barabara, mikono kifuani, mpaka lori la vyombo likapita, akahakikisha kaka yake amemwona.