Siku Nilipowapoteza Watoto wa Oldonyo Sambu

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule amelowa chapachapa. Huku kwetu Sekei mvua ya mchana ikianza haimsubiri mtu afike nyumbani. Nikalitundika sweta lake karibu na jiko la mkaa, sweta la mtumba la sufu nzito nililolinunua kwa sababu ya unene wake, nikaendelea kumenya ndizi. Haukupita muda, harufu ikapanda. Haikuwa harufu ya nguo. Ilikuwa harufu ya kondoo aliyenyeshewa, yenye mafuta mafuta, inayokaa kooni kama maziwa yaliyoanza kuchacha. Nikasimamisha kisu.

"Mama, umejikata?" binti yangu akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Lakini kwa muda ule sikuwa Sekei. Nilikuwa Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, nina miaka minane, nimejibanza ndani ya korongo katikati ya kondoo wa bibi yangu, na sielewi chochote katika yale yanayonitokea.

Niwaambie ilivyokuwa.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Mama ni Mluguru, baba ni Mwarusha, na nyumbani tulizungumza Kiswahili tu. Kiarusha cha baba tulikisikia kwenye simu peke yake, akiongea na ndugu zake kwa sauti ya juu, nasi watoto tukidhani anagombana. Mama alipojifungua mapacha aliugua sana, ikaamuliwa mimi nikakae kwa mama yake baba mpaka hali itulie. Baba mwenyewe alinipeleka. Njia nzima ndani ya basi alinisifia hewa ya kule na maziwa ya kule. Nilipomuuliza nitaongeaje na bibi, alicheka. "Usijali. Mtoto anaambukizwa lugha kama mafua."

Basi nikayasubiri hayo mafua.

Bibi yangu, ambaye nilimwita Koko kama watu wa kule wanavyowaita bibi zao, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kukaa. Kiswahili chake kilikuwa "karibu", "kesho", "Bwana asifiwe" na labda maneno mengine machache ya sokoni. Nilipomwambia shikamoo siku ya kwanza, alinyoosha mkono, nami nikaukinga wangu nikidhani ananipa kitu. Kumbe nilitakiwa kuinamisha kichwa anishike utosini. Tukabaki pale, mkono wake hewani na wangu hewani, baba akijifanya anatafuta kitu kwenye begi. Jina langu nalo lilimshinda. Mimi ni Zawadi, lakini kwa Koko nilikuwa Sawadi tangu siku ile.

Aliyejua Kiswahili pale nyumbani ni shangazi yangu Nengai, mdogo wake baba. Naye alikuwa akiondoka alfajiri kupeleka maziwa mjini na kurudi jua likielekea kuzama. Kwa hiyo mchana, nikishatoka shule, tulikuwa wawili tu, Koko na mimi, kila mtu na lugha yake.

Kilichoniponza zaidi ni kwamba baadhi ya maneno yao nilidhani nayajua. Siku moja Koko alikuwa amesimama mbele ya jiko, akaniambia, "Yau kule." Nikasikia "kule", nikafurahi. Nikaenda kule. Nilipofika kwenye uzio wa katani nikageuka kumtazama, naye akapunga mkono kwa nguvu, akarudia, "Kule! Kule!" Nikaona sijafika mbali vya kutosha. Nikapita uzio, nikavuka shamba la maharage, nikaenda kusimama chini ya mgunga, nikingoja kujua natakiwa nifanye nini huko. Koko alinifuata mwenyewe, akanishika mkono, akanirudisha hadi ndani na kunionyesha kibuyu. *Kule*, kwa Kiarusha, ni maziwa. Alitaka nimletee maziwa ya chai.

Au hii nyingine. Kila mwanamke aliyepita pale nyumbani alisema, "Takwenya!" na Koko alijibu, "Iko!" Nami nikaelewa kabisa kwamba wanawake wale wanauliza kama kitu fulani kipo, na Koko anawathibitishia kwamba kipo. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini hawakupewa. Nikajiuliza kama ni sukari au ni ugoro. Kwa siku nyingi nilipeleleza nyumba nzima nikitafuta hicho kitu kilichokuwa kikiulizwa na kila mtu, hadi shangazi aliponikuta nimeingia chini ya kitanda cha Koko, akanieleza kwamba ile ni salamu.

Lakini kulikuwa na jambo lisilochekesha. Koko hakuongea nami sana, na mimi sikujua kama ni kwa sababu ya lugha au ni kwa sababu hanipendi. Kwa kondoo wake aliongea. Asubuhi akiwafungulia zizi alikuwa na maneno marefu, ya polepole, ya kila kondoo na yake. Mimi nilipata "wou", njoo, na "shomo", nenda. Nilikuwa nikisimama mlangoni na kikombe changu cha uji, nikiwaonea wivu kondoo.

Nikaamua kwamba nikijifunza habari za kondoo, huenda nami nikapata mazungumzo. Nikamwomba shangazi anifundishe. Kondoo mmoja, akaniambia, ni *enkerr*. Wengi ni *inkerra*. "Tetemesha ulimi hapo katikati, rrr, kama pikipiki." Wangu ni *ai*. Hawapo ni *metii*. Nilirudia mpaka usingizi ukanichukua, ila ulimi wangu wa Morogoro haukutetema. Uligusa tu mara moja na kuanguka.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo, katika ile miezi ya baridi ambapo ukungu hushuka kutoka mlimani bila taarifa. Watoto wa jirani niliozoea kuchunga nao walikuwa wametumwa kuni. Koko akaniachia kondoo karibu na korongo, akanionyesha kwa fimbo mahali pa kutovuka. Korongo lile liliogopwa. Masika yaliyotangulia ukingo wake ulikuwa umemeguka na kumfukia mtoto wa boma la chini, na hata mimi niliyekuwa mgeni nilikuwa nimeonyeshwa kaburi lake.

Nikakaa juu ya jiwe, nikajifunika shuka, nikaanza mazoezi. Inkera. Inkera. Inkera. Nilifumba macho ili niusikie ulimi vizuri. Nilipoyafumbua, ukungu ulikuwa umeshafika miguuni kwangu na kondoo hawakuwepo.

Sikufikiria kukimbilia nyumbani. Ningemwambiaje Koko? Nikakimbilia kwa Mama Lomayani, jirani yetu, ambako wanawake kadhaa, Kiswahili chao kama cha Koko, walikuwa wamekaa wakipukuchua mahindi. Nikasimama mbele yao nikihema, nikaelekeza kidole korongoni, nikatoa sentensi yangu ya kwanza kamili ya Kiarusha katika maisha yangu.

"Metii inkera!"

Mama Lomayani alisimama ghafla hata ungo wa mahindi ukamwagika wote. Akaniuliza kitu. Nikarudia, kwa sauti zaidi, na kidole changu kikielekea palepale korongoni. Mwanamke mmoja akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Mwingine akajipiga kichwani kwa viganja. Halafu wote wakaondoka mbio, mmoja akiwa na kiatu kimoja, na ukelele ukapokelewa na boma la juu, na boma la pili, na wanaume wakatoka na fimbo na kamba na majembe.

Nilibaki uani nimeduwaa. Baba aliwahi kuniambia kwamba kwao mifugo ni kila kitu, lakini sikujua kwamba ni kiasi hiki. Watu wazima wanalia machozi kwa ajili ya kondoo, tena kondoo wa mtu mwingine! Nikaona nimefanya kosa kubwa kuliko nilivyodhani. Kama Mama Lomayani amelia hivi, Koko mwenye kondoo atakuwaje? Hofu ikanishika, nikachepuka kwa nyuma, nikateremka korongoni peke yangu kuwatafuta.

Ndani ya korongo ukungu ulikuwa mzito kama moshi wa kuni mbichi. Nilishuka kwa kukalia makalio, nikishika mizizi, udongo ukiteleza chini yangu. Niliwapata kwa harufu kabla ya kuwaona. Walikuwa wamejibanza chini ya ukingo ulioinama, wamelowa, wametulia, wakinitazama kama vile mimi ndiye niliyepotea. Nikajipenyeza katikati yao kwa sababu nilikuwa natetemeka na wao walikuwa na joto. Nilitaka kuwatoa, lakini hawakusogea, na nikirudi bila wao sikujua nitafanywa nini.

Huko juu sauti zilikuwa zikipita huku na huku. Kisha nikaisikia sauti ya Koko. Sikuwahi kuisikia hivyo. Ilikuwa imekwaruza, imekatika katikati, na ilimwuliza kila aliyekutana naye swali lilelile.

"Kaji etii enkerai ai? Kaji etii enkerai ai?"

Sasa jamani, mimi nilikuwa na maneno yangu mapya. *Kaji etii* nilishaisikia mara nyingi nyumbani: yuko wapi. *Ai*, wangu. Na lile la katikati nilikuwa nimelifanyia mazoezi asubuhi nzima. Kondoo wangu yuko wapi? Koko analilia kondoo wake. Nikaziba mdomo kwa shuka nisisikike. Alipita juu ya kichwa changu kabisa, vipande vya udongo vikaniangukia begani, nami nikanyamaza. Nilijiambia sitoki mpaka niwatoe kondoo wote.

Ukungu ulipopungua, kondoo mmoja akaanza kupanda, na wengine wakamfuata, nami nikawafuata nimeshika mkia wa yule wa mwisho. Tulitokea juu karibu na kundi la watu. Watoto wote waliokwenda kuni walikuwepo pale, kila mmoja ameshikwa kwa nguvu na mama yake, wakishangaa wamefanya nini. Koko peke yake alikuwa amekaa chini, yeye asiyependa kukaa, mikono mitupu, fimbo yake haipo.

Nikamsukumia kondoo mbele. "Inkera," nikamwambia, nikiwaonyesha.

Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, cheko lililoenea kundi zima, wanawake wakicheka huku bado wanafuta machozi. Koko hakucheka. Aliinuka, akanikamata kichwa kwa mikono miwili, akakishika kwa nguvu hata masikio yakaniuma, akanitazama usoni. Halafu akanitemea mate utosini. Mara moja, na mara nyingine tena. Akaniburuta nyumbani kwa mkono.

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Morogoro ukimtemea mtu mate umemaliza kila kitu. Nikajua sasa nimefukuzwa, kesho nitapandishwa basi.

Shangazi aliporudi na kusikia habari nzima, ilibidi aweke madumu chini ili acheke vizuri. Akanieleza kwamba *inkerra* ya ulimi unaotetema ni kondoo, lakini *inkera*, ile niliyowapelekea kina Mama Lomayani, ni watoto. "Umewaambia watoto wao hawapo, na umewaonyesha korongo! Wewe Zawadi wewe!" Nikaelewa ukelele. Nikaelewa kicheko. Mate sikumuuliza, kwa aibu, na kile kilio cha Koko sikukirudia kwa mtu, kwa sababu nilidhani nimekielewa.

Zilipita wiki. Mafua aliyoniahidi baba yakaja kweli, bila mimi kujua yalianza lini. Siku moja nilikuwa narudi kutoka bombani na dumu la maji, nikampita mwanamke kijana aliyekuwa akimrusharusha mwanawe juu na kumdaka. "Enkerai ai," alikuwa akimwambia. "Enkerai ai." Mtoto wangu. Nilisimama katikati ya njia. Nilirudia neno lile kimoyomoyo, nikalisikia limekaa sawasawa na lile lililopita juu ya kichwa changu katika ukungu, sauti ileile, urefu uleule. Nilifika nyumbani dumu likiwa nusu, maji mengine yote yamenimwagikia miguuni.

Koko alikuwa akichambua maharage. "Kainyoo?" akaniuliza. Kuna nini? Nikaenda nikakaa ubavuni kwake, karibu kuliko nilivyozoea kukaa, nikaanza kuchambua maharage pamoja naye. Akasogea kidogo kunipa nafasi kwenye ngozi aliyokuwa ameikalia.

Habari ya mate nilielezwa na baba alipokuja kunichukua. Alishangaa kwamba nilikuwa nimelia. "Ile ni baraka," alisema. "Mimi mwenyewe alinitemea siku naondoka kwenda kutafuta kazi Morogoro."

Leo Koko ni mzee sana, na nikienda Oldonyo Sambu tunaongea mpaka shangazi anatuambia tunyamaze. Kiarusha changu bado kina makosa, na ulimi wangu hautetemi vizuri hata sasa. Lakini ninapoifikiria siku ile, naona kwamba nisingehitaji hata neno moja ili kuielewa. Wakati Koko ananiburuta kwenda nyumbani niligeuka nyuma mara moja. Kondoo wote walikuwa wameshaingia kwenye shamba lake la maharage, wanakula mstari kwa mstari. Nilimvuta mkono nimwonyeshe. Hakugeuka. Walikula hadi jioni, mpaka shangazi aliporudi akawatoa.