Udongo Ulioanikwa Mau Narok

Nilitoka maabara yetu ya Naivasha kwa sababu ya pampu moja ya dawa, ya kubeba mgongoni. Baba Njeri, mkulima wa viazi kule Mau Narok, alilazwa hospitali msimu uliopita baada ya kupiga dawa ya viwavi. Mkewe ndiye aliyenipigia simu. Nilimwambia kama udongo wao una wale minyoo wadogo wanaoua viwavi, hawatapiga dawa tena. "Lakini harakisha," akasema. "Huyu mzee hangoji. Viwavi wanamaliza shamba."

Tulipofika Kikopey, dereva alitaka tusimame tule nyama. Nilimkatalia, akanuna hadi Nakuru. Mimi nami sikutulia, kila mara nilikuwa nageuka kutazama ndoo zangu tupu za kubebea udongo kana kwamba zingetoroka.

Mau Narok, mchana. Mama Njeri alitupa chai, kisha akanionyesha turubai uani. Udongo ulikuwa umetandazwa juani, umechekechwa, mkavu kama unga.

"Nimekuanikia," akasema, "usibebe maji bure."

Nilivunjika moyo. Alikuwa ameutunza vile anavyotunza mahindi yake, na wale minyoo hufa wakikauka. Tangu siku hiyo, nikienda kwa mtu namwambia mapema aache udongo ulipo.

"Mama, jua linawaua. Twende shambani."

"Na mvua hiyo inakuja?"

"Hiyo ndiyo wanapenda."

Tulichimba huku tunalowa, kona hii na ile. Baba Njeri alitutazama kutoka mlangoni. "Majibu lini?" akauliza. Nikamwambia wiki moja. Akaguna tu.

Naivasha tena. Nilijaza mikebe udongo, kila mkebe nikatia viwavi wa nondo wa kutegea minyoo. Wakifa na kugeuka rangi, minyoo wamo, na kadiri mikebe ya wafu inavyozidi ndivyo minyoo walivyo wengi shambani. Ule wa turubai nao nikauweka, mama wa watu alikuwa amejichosha. Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nachungulia mikebe hata chakula kikiwa mdomoni.

Kwenye udongo wa turubai, viwavi wote walikuwa hai, wanatambaa. Kwenye ule wa mvua, karibu kila mkebe ulikuwa na wafu, wekundu kama tofali.

Nilipiga simu papo hapo. "Mama, wapo. Ni wengi."

Nilisikia gambuti zikikimbia matopeni, kisha akiita kwa sauti, "Baba Njeri, teremsha hiyo pampu mgongoni!"