Unga wa Njano Chini ya Mashine

Mimi ni mtu wa hasira, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimeshakunja uso. Nayasema mapema ili atakayesoma asije akanionea huruma isiyonistahili.

Miaka ile dhahabu ya Nyakunguru ilipowatia watu wazimu, nilikuwa na karakana ya useremala Nyamisangura, hapa Tarime mjini. Mchimbaji akibahatika, kitu cha kwanza anataka pikipiki, cha pili nyumba ya bati, cha tatu mlango. Na si mlango wa mbao nne na kitasa. Anataka mlango wa maua, jirani akipita aumwe na roho. Mlango mmoja wa maua kwa mkono ulikuwa unanimaliza wiki tatu na mgongo juu.

Ndipo mimi na rafiki yangu tukaunda mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile wanayoiita siensii. Tuliiunda wenyewe kwa mabomba ya chuma ya pembe nne, beringi za pikipiki, mota zilizokuja kwa basi kutoka Dar, na rauta yangu ya zamani ya kuchongea mbao tukaifunga juu yake iwe ndiyo kichwa. Rafiki yangu alikuwa fundi umeme, Mwislamu wa pale Bomani, babu yake alitoka pwani akiuza vitambaa akafia Tarime. Nilikuwa namwita Ustadhi kwa utani. Yeye akiniita Mura, kama sisi Wakurya tunavyoitana, na Kikurya chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu.

Mashine yenyewe si uchawi. Mota inazungusha skrubu ndefu, skrubu inapita ndani ya nati ya shaba ya njano, nati ndiyo inasukuma kichwa kwenda na kurudi. Kompyuta haijui milimita. Inajua hatua za mota tu, na ni wewe wa kuiambia milimita moja ni hatua ngapi. Unaiamuru iende mia tatu, unapima kwa rula ya chuma. Ikifika mia mbili tisini na nane unapiga hesabu, unasahihisha, unaiamuru tena. Tulifanya hivyo siku mbili mpaka mia tatu ikawa mia tatu. Nilipiga kelele za furaha mpaka mama lishe wa mbele ya karakana akauliza kama tumeokota jiwe la dhahabu.

Skrubu inahitaji mafuta. Ustadhi alisema tununue oili ya cherehani. Nikamcheka. Kaka yangu alikuwa na karasha kule Nyakunguru, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na alikuwa amenipa galoni zima la oili iliyomwagwa kutoka humo.

"Ya cherehani ni ya kina mama," nikamwambia. "Hii ni mashine ya kiume. Oili ni oili."

"Mura, hiyo imetoka kwenye mawe," akasema.

"Na wewe umetoka wapi? Paka."

Akapaka.

Baada ya wiki mbili hivi tukapata kazi kubwa. Tajiri mmoja mpya wa Nyakunguru alitaka mlango wa mbao mbili zinazofungukia katikati, na hapo katikati ua moja kubwa la duara, nusu upande huu, nusu upande ule. Nikachonga nusu ya kwanza. Nikachonga ya pili. Nikazikutanisha. Ua likakataa kukutana, kama mdomo wa mtu aliyepigwa ngumi. Nikapima: mia tatu ilikuwa imerudi mia mbili tisini na nane na nusu.

Nikasahihisha hatua. Kesho yake ikaharibika tena. Nikasahihisha. Ikaharibika. Jamani, mashine haiwezi kubadilika usiku ikiwa imezimwa na mlango una kufuli! Na funguo za kufuli lile zilikuwa mbili: yangu na yake.

Hapo shetani akaniingia. Lazima nieleze tulivyokuwa tunaishi. Sehemu ya dhahabu hakuna anayemwamini mtu. Mnunuzi anakuja na mizani yake, muuzaji na yake, na bado wote wawili wanaona wameibiwa. Watu walikuwa wanapiga tupa shaba ya njano, wanachukua unga wake na kuuchanganya na dhahabu. Ndiyo maana pale ukimwita mtu mwizi anaweza kukusamehe, lakini ukimwita mchakachuaji umemzika. Hakuna atakayempokea mkono, hakuna atakayemkaribisha nyumbani kwake hata kurekebisha swichi, maana nani ajuaye atatoka na nini.

Nikaanza kumchunguza rafiki yangu. Nikaandika hesabu za hatua nyuma ya kalenda ukutani, asijue. Nikaweka neno la siri kwenye kompyuta. Nikachora alama ya chaki kwenye mota. Hesabu hazikuguswa, chaki haikuguswa, na mashine ikaendelea kukosea. Mtu mwenye akili angesema basi, hajagusa. Mimi nikasema kumbe ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nikaona na mengine. Asubuhi nilikuwa namkuta ameshafika, amelala chini ya mashine na kitambaa. Akiniona anatoka haraka, anafuta mikono. Siku moja aliniambia, "Mura, hili kosa halikui. Mia moja inapungukiwa moja na nusu, mia tatu moja na nusu, mia sita moja na nusu. Kosa la hatua lingekua na safari. Hii ni nati inacheza, kichwa kikigeuza mwendo kinachelewa."

Maneno ya kweli matupu. Mimi nikasikia maneno mengi tu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alituambia utotoni kwamba Mswahili atakuonyesha ndege huku anakuchomoa mfukoni, na miaka ishirini ya urafiki haikutosha kuyatoa maneno hayo masikioni. Naona aibu kuandika hivyo.

Ijumaa akaenda msikitini, koti lake likabaki kwenye msumari. Nikaingiza mkono mfukoni. Ndiyo, niliingiza. Nikakuta kikaratasi cha daftari kilichokunjwa kwa ule mkunjo wa mabroka, madalali wa dhahabu, pembe ndani ya pembe. Nikafungua pembe moja tu. Ndani unga wa njano, unang'aa.

Kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani: anaikata nati yetu kwa tupa asubuhi kabla sijafika, anapata unga, anawauzia wachakachuaji, na mimi mlango wa tajiri unaniharibikia.

Aliporudi, tajiri alikuwa amekuja kuangalia mlango wake, broka wa jirani amekaa kwenye benchi langu, na mama lishe anakusanya sahani. Sikumwita pembeni. Nilikiinua kikaratasi juu.

"Tuambie hii ni nini, Ustadhi! Nati yangu unaila unawauzia watu kama dhahabu!"

Akasimama mlangoni, kofia bado kichwani. Akawatazama wale watu mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi.

"Mura, fungua karatasi yote," akasema taratibu.

"Nifungue nini? Nimeshaona!"

"Fungua yote."

"Mchakachuaji mkubwa we!"

Neno likatoka. Broka akainuka kwenye benchi na kujipapasa mifuko, kama mtu aliyekaa karibu na kibaka. Ustadhi akachukua koti lake, akaweka ufunguo juu ya mashine, akaondoka. Jioni habari zilikuwa zimeshafika Nyakunguru.

Kikaratasi nikakifungia kwenye kopo la misumari, kiwe ushahidi akinishtaki. Hakunishtaki. Nikachongesha nati mpya kwa fundi wa lezi, ile mashine ya kukereza vyuma, nikaifunga, nikapaka oili kwa ukarimu, nikapima: mia tatu kwa mia tatu. Nikajisemea, unaona? Mwizi ameondoka, mashine imepona.

Siku ya kumi ua likakataa kukutana tena.

Nilimshuku fundi wa lezi. Nikashuku umeme. Nikamshuku mke wangu kwamba amempa mtu ufunguo, na yeye akanijibu majibu ambayo siyaandiki. Nikabadilisha kufuli. Mwisho nikalala chini ya mashine kwa mara ya kwanza tangu tuiunde, pale alipokuwa analala yeye. Chini ya skrubu kulikuwa na tope jeusi la oili, na ndani ya tope unga wa njano, mpya, unang'aa. Hakuna tupa iliyogusa kitu. Nikachota oili kwa kidole, nikaisaga kwenye meno kama wachimbaji wanavyoonja mchanga. Ikalia krr.

Ulikuwa unga wa mawe ya karasha. Mwezi mzima nilikuwa nailisha mashine yangu mchanga, kwa mkono wangu, na ulikuwa unaisaga nati kama karasha inavyosaga mawe.

Nikakimbilia kopo la misumari. Nikafungua karatasi yote. Ndani, kuuzunguka unga, kulikuwa na mwandiko wake mdogo wa fundi umeme. Siku kwa siku aliandika mashine imepungukiwa ngapi, na kando yake unga ameokota kiasi gani, kidogo, zaidi, zaidi. Chini kabisa aliandika: "Ni oili ya kaka yake. Nimwambieje asikasirike?"

Nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Kesho yake nikaenda Bomani kwa baba yake. "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kunikaribisha kiti. Akasema mwanawe amehamia Mugumu, wilaya ya jirani, kwa kuwa Tarime hakuna tena mtu anayempa kazi ndani ya nyumba yake.

Kabla ya kumfuata nilitaka kusafisha nilipochafua. Nilikwenda na karatasi ile mkononi kwa mama lishe, kwa broka, kwa tajiri, nikaeleza oili, nikaeleza nati, nikaapa. Mama lishe akasikitika, lakini nikaona anaangalia sufuria zake. Tajiri akaniuliza mlango wake utakuwa tayari lini. Broka alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akanigonga bega.

"Kumbe mmeshapatana," akasema. "Na mgao wako kiasi gani?"

Nilimkuta Ustadhi Mugumu, nyuma ya duka la vifaa, anasuka waya wa mota ya pampu. Nikamwambia yote nimesimama, maana hakuniambia nikae. Nikamwomba msamaha. Nikamwomba arudi.

Akamaliza kwanza mzunguko aliokuwa anausuka. "Sasa hivi inasoma ngapi?" akauliza.

"Mia tatu kwa mia tatu. Nimeweka ya cherehani."

"Na wale watu, umewaambia?"

"Nimewaambia wote."

"Wamesemaje?"

Akaningoja, akanitazama vilevile alivyonitazama siku ile mlangoni, halafu akachukua waya wake akaendelea kusuka.