Nilivyokwenda kuposa na Mustang ya milango miwili, Maskati 2006

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara, wa visiwani na sisi tuliotawanyika huku Uarabuni.

Kuna mtu humu kauliza hizi muscle car za Kimarekani zikoje: sura, mwendo, kona, bei. Nimesoma majibu, na mengi yametoka kwa watu walioiona gari kwenye kalenda tu. Mimi nilikuwa nayo miaka minne. Nitawaambia ya gari, halafu nitawaambia ilivyotaka kunikosesha mke.

Sitaongeza kitu. Mjinga wa mkasa huu ni mimi mwenyewe, na ujinga ule ulikuwa unatosha kama ulivyo.

Wazee wangu ni wa Unguja. Baba alifariki nikiwa mdogo, akanilea kaka yake mkubwa, Ami Suleiman, hapa Sib, pembeni ya Maskati. Mkewe ndiye ninayemwita Mama. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka ishirini na nane, nafanya kazi ofisi ya serikali Khuwair ya Kusini, sina mke, nakaa peke yangu mtaa ule ule wa Ami, na mshahara wote ni wa kwangu. Mtu wa namna hiyo hafai kuachwa peke yake karibu na showroom.

Nikanunua Mustang GT. V8, automatic, nyekundu, mpya.

Muuzaji alikuwa mtu mwema. Alinishauri kama nna familia nikaangalie Charger, nayo ni V8, ina milango minne. Nikamcheka. Nikamwambia muscle ya milango minne ni teksi.

Sasa sura, wakuu. Waliichora upya kwa kufuata zile za zamani: boneti ndefu, mkia mfupi, taa za mbele za duara, za nyuma mistari mitatu mitatu. Ukiiegesha mbele ya duka la kahawa, wanaume wazima wanaacha mazungumzo. Ndani si hivyo. Dashibodi ni plastiki ngumu, ukiigonga kwa kidole inalia kama ndoo. Lakini ukiwasha injini unasahau ndoo.

Mwendo: barabara kuu imetulia vizuri, nzito, haiyumbi na upepo. Ukikanyaga mafuta mgongo unashikana na kiti. Ukiingia mitaani kwenye matuta ndiyo unaijua tabia yake. Ekseli ya nyuma ni kipande kimoja, kwa hiyo gurudumu la kulia likipiga shimo, la kushoto nalo linapata habari.

Kona: Maskati ya wakati ule ilikuwa imejaa keepilefti. Ukiingia kwa adabu inazunguka bila neno. Ukiingia kwa kiburi, pua inataka kwenda moja kwa moja, ukiongeza mafuta mkia nao unataka kutangulia. Mvua ikinyesha mara ya kwanza baada ya miezi ya vumbi, nilikuwa naiacha nyumbani. Sioni aibu kusema.

Bei: ilizidi kidogo riali elfu kumi. Kwa nguvu ile, Mjerumani angekutoza karibu mara mbili. Petroli huku wakati ule ilikuwa rahisi, hutizami hata mshale. Kinachokula pesa ni matairi ya nyuma na bima, na siku ya kuuza utapewa bei ya kukusikitisha.

Na siti za nyuma. Wanakwambia gari ya watu wanne. Mimi nilikuwa naweka mfuko wa mchele na kompyuta.

Hapo ndipo mkasa unapoanza.

Nilimpenda binti anaitwa Zuwena, tukifanya kazi jengo moja, kwao mtaa wa Darsait. Yeye mwenyewe alikuwa radhi, akanambia nipeleke wazee wangu kwa baba yake, Mzee Nassor. Nikamwambia Ami Suleiman. Akafurahi, akapanga waende yeye na mjomba wangu, Mjomba Khalfan, ndugu wa mama yangu mzazi.

Kwetu kijana mwenyewe haendi kwenye posa. Wazee wanakwenda, wewe unabaki nyumbani kusubiri jibu. Lakini mimi nilitaka kule Darsait waione gari. Nikajitia eti nataka wazee wasihangaike na barabara, nitawapeleka mimi, nitawasubiri nje.

Ami alikuwa na Corolla yake, ya gea za mkono, safi kabisa. Akasema, "Basi chukua yangu ukatuendeshe. Ina milango."

Nikasema, "Ami, leo ni siku kubwa. Twendeni na gari mpya."

Akanitazama kidogo, akasema haya.

Wakuu, mnaijua hesabu ya siti. Mjomba Khalfan ni mtu wa mwili, hapiti nyuma hata umsukume. Ami Suleiman ni mwembamba. Kwa hiyo Mjomba akakaa mbele na Ami akapita nyuma. Ami alikuwa na miaka sabini na mbili, ndiye mkubwa wa ukoo wetu, amevaa kanzu nyeupe, kilemba na khanjari kiunoni. Nikamkunja nikamtia nyuma.

Kutoka Sib mpaka Darsait ni dakika arubaini. Ilikuwa baada ya alasiri, jua linatupiga kisogoni kupitia kile kioo cha nyuma kilicholala. Kipupwe cha AC huko nyuma hakifiki. Mimi nasikiliza injini. Mara moja tu nilimuuliza Ami kama yuko sawa, akasema, "Niko. Tizama mbele."

Tukafika. Mzee Nassor mwenyewe katoka mlangoni na nduguze wawili kupokea wageni. Mjomba akashuka, nikakunja kiti, Ami akaanza kutoka. Ule mkanda wa siti ya mbele unapita chini karibu na mlango, mguu wake ukanasa pale. Akatua kwa goti moja, uzito wote, halafu akasimama, akaweka kilemba sawa na kutoa salamu.

Mimi yote hayo niliyaona kwa pembeni tu. Macho yangu yalikuwa kwa Mzee Nassor, natazama kama anaitazama gari.

Hakuitazama. Alimtazama Ami, kisha akanitazama mimi.

"Na dereva naye aingie," akasema.

Tukaingia. Ikaja halua, ikaja kahawa. Ami akasema maneno yake mazuri sana. Mzee Nassor akajibu kwa upole kuwa wamesikia, wameshukuru, wanaomba muda. Kurudi, Ami alikataa kukaa tena nyuma. Alisema kwa utani kwamba mara hii zamu ya Mjomba. Mwisho Mjomba akachukua teksi.

Muda wakauchukua. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zuwena ananambia baba yake hasemi kitu. Mimi, kwa akili zangu, nikajua sababu: gari. Mzee kaona mposaji mhuni na gari nyekundu. Nikaamua kuwa mwanamume, nikamfuata dukani kwake, duka la vifaa vya umeme palepale Darsait, nikiwa na hotuba tayari.

Akaniagizia chai. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia niko tayari kuiuza gari hata wiki hiyo.

"Mimi na gari yako wapi na wapi, dereva?" akasema. "Uza, usiuze, shauri yako. Goti la ami yako linaendeleaje?"

"Goti gani?"

Akaweka kikombe chini. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Nilimpigia simu jana kumjulia hali, mkewe akanambia haendi msikitini tangu siku mliyokuja kwangu. Wewe na yeye mnakaa mtaa mmoja." Kisha akasema, "Mtu akiniletea posa, natizama anavyomchukua mtu wake mzima. Binti yangu naye iko siku atazeeka."

Sikumaliza chai.

Nilimkuta Ami kalala kwenye godoro sebuleni, mguu umenyooshwa, goti limefungwa kitambaa chenye manjano ya unga na chumvi. Limevimba kama embe. Wiki tatu zile nilikuwa napita pale, nabisha hodi, nauliza, "Hakuna simu ya Darsait?" Mama akiniambia kapumzika, mimi naondoka zangu. Sikuwahi kuingia ndani.

Nilikaa chini nikalia, wakuu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Ami akanambia, "Unalia nini? Goti langu, kilio chako?"

Nikamuomba radhi. Akasema kasamehe tangu siku ile ile. Nikamuuliza kwa nini hakunambia.

"Ulikuwa una furaha," akasema. "Nikwambie halafu iweje?"

Kisha akatoa sharti lake, na hili ndilo lililonimaliza. Hatorudi Darsait kufuata jibu mpaka goti likunjike. "Nikenda nachechemea nitakuwa nakushitaki kwa miguu yangu. Mara hii nakwenda mzima au siendi."

Kwa hiyo ndoa yangu ikawa juu ya goti la Ami.

Daktari akaandika mazoezi ya viungo, mara tatu kwa wiki, asubuhi, Khuwair karibu na ofisini kwangu. Nilitaka kukodi gari kubwa. Ami akakataa, akasema anataka siti ya mbele ya ile ile.

Na hapa nirudi kwenye gari kidogo, kwa sababu haki yake lazima niipe. Siti ya mbele ya Mustang ukiirudisha nyuma mpaka mwisho, kwa kuwa huko nyuma hakai mtu, mzee ananyoosha mguu wote kama yuko kitandani. Mlango ule mrefu unafunguka mpana, anaingia kwa kukaa kwanza, kisha naipandisha miguu yake mimi. Kwenye Corolla asingeweza. Matuta ya Sib nikawa nayapanda kimshazari, taratibu, gurudumu moja moja, mpaka wenye magari nyuma yangu wananipigia honi. V8 inakwenda mwendo wa baiskeli. Nilijifunza kuiendesha gari ile miezi mitatu hiyo kuliko siku zote za kabla yake.

Wiki za mwanzo Ami alikuwa anatazama barabara tu. Baadaye akaanza kutoa maoni. "Sauti yake nzuri, lakini inajisifu." Siku nyingine, barabara kuu iko tupu, akasema, "Leo mbona kama tunasindikiza jeneza? Iachie kidogo." Nikaiachia. Akashika kilemba na kucheka mpaka akakohoa.

Mwezi wa tatu daktari akasema basi, inatosha.

Ijumaa ya pili yake, baada ya alasiri, Ami kavaa, akachukua ufunguo wa Corolla yake mwenyewe. Akakanyaga klachi mara mbili tatu uani, anajaribu goti. Mjomba Khalfan akakaa pembeni yake. Mimi nikabaki Sib, kama desturi inavyotaka, nikaiosha gari ambayo tayari ilikuwa safi.

Walirudi isha imeshapita. Ami akaingia ndani moja kwa moja. Yaliyotokea nilisimuliwa na Mjomba, pale pale uani.

Mzee Nassor alikuwa kamuwekea Ami kiti, kiti kimoja tu chumba kizima, kwa heshima ya mguu wake. Ami akakipita. Akakaa chini kwenye zulia na wenzake, kakunja miguu yote miwili. Mjomba alikuwa ubavuni kwake, anasema aliona jasho linamtoka chini ya kilemba, na AC inawaka. Akakaa hivyo saa nzima, anazungumza, anakunywa kahawa, anatabasamu. Mzee Nassor alikuwa anamtazama tu. Mwisho akasema, "Sheikh Suleiman, kunjua mguu wako. Mtoto tumekupa."

Nikaingia ndani mbio. Ami alikuwa amekaa kwenye godoro, viatu hajavua.

"Umepata mke," akanambia. "Sasa nipashie maji ya moto, mwanangu. Goti linaniuma sana."

Miaka yote aliyonilea, ile ndiyo siku ya kwanza kuniambia kwa mdomo wake kwamba anaumwa.

Nilikaa naye nikimkanda mpaka akalala. Zuwena nilimpigia simu kesho yake.

Gari nilikuja kuiuza 2010, tulipopata mtoto wa pili. Bei ilinisikitisha, kama nilivyosema. Challenger na Camaro zilipotoka nilizijaribu pia. Challenger ni pana, nyuma mtu mzima anakaa akavumilia. Camaro vioo vyake ni vyembamba mno, unaona nje kama umekaa ndani ya pipa. Zote mbili zina raha yake na sijutii riali hata moja niliyoitia kwenye ile nyekundu.

Nilichojifunza ni kidogo. Gari haikuwa na kosa. Ilitengenezewa watu wawili na ilinipa kila nilichokitaka kwake. Nilichokosea mimi ni kuuliza "uko sawa?" huku natazama mbele, na kuridhika na jibu.

Haya, uwanja wenu. Waliowahi kuziendesha hizi za V8, Maskati, Dubai, Dar, popote, semeni zilivyowakalia barabarani. Na kama kuna mtu wako aliyewahi kukunyamazia maumivu yake kwa sababu ulikuwa una furaha, liandike na hilo. Nasoma yote.