Karatasi Arobaini za Izigo

Katika kazi ya kuwauliza watu maoni yao kuna dhambi moja isiyosameheka: kukaa mahali penye kivuli na kujaza karatasi za maswali mwenyewe, bila kumuuliza mtu yeyote. Sisi wa kazi hii tukikutana kwenye mikutano yetu, mada nzito zikishasomwa na chai ikishaletwa, hizo ndizo hadithi tunazosimuliana. Nani alikamatwa, alikamatwaje, alikuwa ameandika nini. Tunacheka kama wezi waliostaafu. Mimi hucheka kuliko wote, kwa sababu nilishawahi kushtakiwa kosa hilo nikiwa kijana, na sikuwa na hatia. Nilikuwa mjinga tu, na ilinichukua siku nzima kuthibitisha hivyo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Uganda, nina suruali mbili na maneno mengi. Mtafiti mmoja wa Kiingereza, bibi mrefu aliyetembea kama mtu anayeachwa na meli, alikuwa akitafuta vijana wa kuhoji watu katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Tulikuwa sita. Alitufundisha kwa siku nne katika chumba kimoja mjini Bukoba, na moyo wangu ulidunda siku zote nne. Serikali ilikuwa imekwisha kuhesabu miti ya kahawa ya mkulima, ng'ombe wake, na kichwa chake wakati wa kodi. Sasa ametokea mtu anayetaka kujua mkulima huyo anafikiri nini! Usiku nililala na karatasi zile chini ya mto, kama barua za mchumba.

Bibi alituambia mambo mawili. Atakayefanya kazi vizuri atachukuliwa kwenye utafiti mkubwa wa mwaka unaofuata. Atakayejaza karatasi mwenyewe ataondoka siku hiyo hiyo, na barua itamtangulia chuoni.

Mimi nilipewa Izigo, nyumba arobaini. Nilifikia kwa shangazi yangu siku ya Jumamosi, na Jumapili nikaenda naye kanisani. Kwetu sisi Walutheri mgeni hakai kimya. Matangazo yakiisha, mzee wa usharika humsimamisha ili awasalimie watu na kueleza kilichomleta. Mgeni mwenye akili husema maneno matatu na kuketi. Mimi nilikwenda mbele nikiwa na mkoba. Nilitoa karatasi, nikasoma maswali yote kwa Kiswahili, kisha nikayafafanua kwa Kihaya, lile la kwanza mara mbili kwa ajili ya waliokaa nyuma. Niliona nafanya jambo la kistaarabu, kuwapa watu nafasi ya kujiandaa. Kwa kweli nilitaka shangazi yangu asikie sauti yangu ikigonga bati la kanisa.

"Umesoma vizuri, mwana wange," aliniambia tukirudi. "Hata pale ulipokohoa."

Kazi ilianza Jumatatu, na ilikwenda kama ndoto. Kila nyumba nilikaribishwa kwa kikapu kidogo cha punje za kahawa za kutafuna, na kwa kuwa huwezi kumuuliza mtu swali kabla hujatafuna kahawa yake, nilitafuna. Nyumba tano kwa siku. Kufikia ya tano mikono ilikuwa ikitetemeka na masikio yananguruma, nami nikadhani hiyo ndiyo furaha ya sayansi.

Swali la kwanza lilikuwa: je, maisha yako ni bora, ni sawa, au ni mabaya kuliko ya wazazi wako? Mwenye nyumba ya kwanza, mkulima mwenye kofia ya pama, alijibu kabla sijamaliza: "Ni sawa." Swali la mwisho lilikuwa: ni kitu gani kimoja ungependa kifanyike hapa? Akasema, "Daraja la mawe, lisilochukuliwa na mvua." Nyumba ya pili: sawa, na daraja la mawe, lisilochukuliwa na mvua. Ya tatu hivyo hivyo. Ya ishirini hivyo hivyo, na huyo alikuwa Mkatoliki. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilikuwa nikitunga kichwani hotuba ya kuwaeleza wasomi wa dunia jinsi nilivyogundua watu wenye nia moja.

Siku ya tisa nilimkabidhi Bibi karatasi zangu mjini. Alisoma tatu, kisha kumi, kisha akaanza kuzipekua haraka haraka. Sisi wawili tulikuwa tukizungumza Kiingereza, lakini alipokasirika alihamia Kiswahili, pengine ili nisije nikasema sikuelewa.

"Bwana, watu arobaini wametaja mawe? Wote wametaja mvua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Uliziandikia wapi hizi?"

"Nyumbani kwao, Bibi."

"Kwa mkono unaotetemeka," alisema, akinyoosha moja juu. "Mtu hutetemeka akifanya nini?"

Ningeweza kumweleza habari za kahawa. Lakini niliposikia shtaka lenyewe ulimi ulikauka, na kijana aliyekauka ulimi hufanana sana na mwizi.

Kesho yake alinitia ndani ya Land Rover, tukateremka kupitia Kemondo hadi Izigo. Alisema tutarudia nyumba tatu atakazochagua yeye. Majibu yakipishana na karatasi zangu, nitarudi Bukoba kwa miguu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi seremala aliyejua Kiswahili. Akajibu: sawa, daraja la mawe, lisilochukuliwa na mvua. Bibi akaandika, uso wake umetulia kidogo. Ya pili ilikuwa ya mkulima, naye akajibu vivyo hivyo, neno kwa neno. Moyo wangu ulianza kupanda. Nilijiona tayari kwenye utafiti mkubwa, nina suruali ya tatu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja wa makamo. Nilipomhoji mara ya kwanza, shemeji yake alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Siku hii shemeji hakuwapo, alikuwa ameteremka Kemondo. Mjane alituletea kahawa, akakunja miguu kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akamtazama Bibi kwa hamu kubwa. Hakujua Kiswahili. Dereva wetu alikuwa Msukuma. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

Bibi aliuliza, nikatafsiri, nikimwita Mae, yaani mama: maisha yako, Mae, ni bora, ni sawa, au ni mabaya kuliko ya wazazi wako?

"Ni bora," akasema mjane.

Bibi alikuwa ameshika kalamu, ananisubiri. Karatasi yangu, iliyoandikwa "sawa", ilikuwa mapajani pake. Neno lenyewe ni moja tu, na chumbani hakuna mwingine aliyeweza kunisahihisha.

"Anasema nini?"

Nilitafuna punje ya kahawa. Nikatafuna nyingine.

"Anasema ni bora, Bibi."

Kalamu ilisimama. Nilimgeukia mjane, sauti imepanda kama ya jogoo mdogo. "Mae! Si uliniambia ni sawa?"

"Nilikuambia."

"Sasa mbona leo ni bora?"

"Ile ilikuwa ya wote," alisema, akinishangaa. "Wewe mwenyewe ulitusomea maswali kanisani. Wanaume wakakaa kwenye pombe jioni ile, wakapima. Wakisema ni bora, kodi itapanda. Wakisema ni mabaya, mkubwa atasema tunamtukana. Wakakubaliana: sawa. Na hili la daraja, walibishana mpaka mtungi ukaisha. Tulipitishiwa majibu nyumba kwa nyumba, hata Wakatoliki wa misheni ya pili. Sasa huyu mama ametoka mbali na gari kuniuliza mimi. Nimwambie ya shemeji?"

"Anasema nini?" Bibi aliuliza. "Amesema maneno mengi."

Sijawahi kutafsiri kitu kigumu kuliko kile. Nilitafsiri yote, pombe, kodi na kanisa. Nilipofika kwenye kanisa nilijaribu kuteremsha sauti, lakini Bibi alikuwa na masikio mazuri.

"Uliwasomea maswali?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mangapi?"

"Yote. Na maelekezo ya mhoji."

"Hata lile linalosema usimwonyeshe mtu maswali kabla ya wakati?"

"Hilo nilifafanua kwa Kihaya."

Alifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani nimemliza mwanamke wa Kiingereza, jambo ambalo sikujua adhabu yake. Alikuwa anacheka. Mjane naye akacheka, bila kujua sababu, akatusogezea kikapu.

Kisha Bibi akapangusa macho na kusema, "Muulize kwa nini ni bora." Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi.

"Mama yangu alichota maji bondeni akapanda nayo mlima, mimi nikiwa tumboni," mjane alisema. "Mimi nina bati juu ya nyumba na pipa chini ya bati. Mvua ikinyesha, maji yanakuja yenyewe kunitafuta."

"Na daraja?"

"Daraja ni la wenye kupeleka kahawa. Mimi nataka pipa la pili."

Bibi aliandika kwa kasi hata akatoboa karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama lini. Nilitaka kukimbia nyumba hadi nyumba nikigonga milango. Arobaini! Nyuma ya kila "sawa" kulikuwa na mtu, nami nilikuwa nimewapita wote, nikifurahia mwandiko wangu.

Tulipokuwa tukirudi kwenye gari aliniambia, "Ungeweza kunidanganya pale."

"Ndiyo, Bibi."

"Ulifikiria?"

"Punje mbili, Bibi."

Aliwasha sigara. "Utarudia zote arobaini," alisema. "Mmoja mmoja, ndani, mlango umefungwa. Na Jumapili utakaa kimya." Akanipa karatasi mpya pale pale, dereva akawasha gari, wakaniacha barabarani. Sikumbuki kama niliaga.

Nilianza jioni hiyo hiyo kwa mkulima mwenye kofia ya pama. Alinikaribisha, akaleta kikapu, nikatafuna.

"Waitu, umerudi," alisema kwa heshima. "Ile karatasi imepotea?"

"Haikupotea, Tata," nilimjibu, kama mtu anavyomwita baba yake. "Ila jibu lile lilikuwa la wote. Leo nimekuja kuchukua lako."

"Langu?"

"Lako peke yako. Hatajua mtu."

Aliinuka, akafunga mlango, akachungulia dirishani kuelekea migombani, akarudi kuketi. Akavua kofia. Nilimsomea swali la kwanza polepole. Aliizungusha kofia kwa vidole, nami nikatafuna punje ya pili, na ya tatu.

"Hilo langu," alisema mwishowe, "bado sijalifikiria. Rudi kesho."

Nilikuwa mlangoni pake kesho yake kabla umande haujakauka kwenye migomba.